Shina la Msituni, Kikonyo cha Dodoma

Nianze na mimi mwenyewe, kwa sababu wanaonisimulia mjini Lushoto wana tabia ya kunipunguza. Nimeishia darasa la saba. Nimebeba mbao Shume kwa bega hili la kushoto mpaka likaota nundu, na nundu ipo, anayetaka aje aishike. Nimefunga matenga ya peasi nikashuka nayo Mombo, nikawauzia abiria wa mabasi ya Moshi madirishani huku nakimbia ubavuni mwa gari. Leo nina malori yanayopeleka kabichi na karoti mpaka Dar es Salaam. Nina nyumba ya mawe ambayo ukija kwa barabara ya Soni huwezi kusema hukuiona. Kanisani nakaa benchi la mbele. Na hakuna aliyenishika mkono. Mtu akikwambia alinishika mkono mwulize aliushika wapi, maana mikono yangu yote miwili ilikuwa na mzigo.

Nasema haya mapema ili ukifika kwenye habari za ule mmea usije ukadhani unasoma habari za mjinga.

Mmea wenyewe uko chini ya nyumba yangu, kwenye matuta yanayoshuka mpaka kijito. Umepanda nguzo zote, umefunika nyaya zote, umeanza hata kuukamata mti wa parachichi wa jirani. Wageni wakipita njiani wanasimama. "Aisee, mzee ana zabibu!" Wana haki ya kusema hivyo. Jani lake lina umbo la moyo na meno pembeni, vichala vinaning'inia, tunda likiiva ni jeusi na linang'aa. Lakini ukilitia mdomoni, ulimi na koo vinakuwasha mpaka jioni kama umemeza sindano. Hiyo siyo zabibu ya watu. Ni zabibu mwitu, ya msitu wetu huuhuu.

Mimi niliujua mmea huo kabla sijaota ndevu. Kule Shume, misonobari ya serikali inapoishia, kuna makorongo ambako msitu wa zamani ulibaki kwa sababu hakuna aliyeweza kufika na msumeno. Humo ndimo unamopanda, kutoka gizani mpaka kwenye jua la kileleni, na shina lake chini ni nene kama kifundo cha mguu. Kamba za dukani zilikuwa za wenye pesa. Sisi tulikata zabibu mwitu. Shina changa linakubali fundo, halikatiki ukilivuta, na likikaukia kwenye tenga linabana zaidi ya ulivyolibana wewe. Kuna vijana walikuwa wanakata kamba popote tu, tenga linafumuka njiani, peasi zinabingirika mpaka bondeni. Matenga yangu hayakuwahi kufumuka. Wachuuzi wa Mombo walikuwa wanayatambua kwa fundo.

Kwa hiyo tukisema elimu ya mmea huo, mimi nilikuwa nayo. Cheti ndicho sikuwa nacho.

Binti yangu wa kwanza nilimpa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana namwita mama mpaka leo. Wadogo zake walirithi miguu yangu, wanaendesha malori, nawashukuru. Yeye alirithi kichwa. Alipofaulu kidato cha sita watu wote wa ukoo walikuja na ushauri kama nzi. Asomee unesi. Asomee ualimu, atapata nyumba ya serikali. Nikawaambia asomee mimea, kwa sababu milima hii ni mimea mitupu, na mimi nina mashamba ambayo hayana mwenye akili ya kuyashika nikichoka. Kitu nilichotaka kilikuwa kimoja na nilikisema waziwazi, kwake, kwa mama yake, kwa mchungaji: asome, arudi, akae hapa. Sikukificha. Hakuna anayeweza kusema nilikificha.

Akaenda chuo kikuu Morogoro. Likizo ya kwanza alirudi na tabia mpya ya kusimama mbele ya ua wa nyumba akitazama majani kama anayesoma tangazo.

"Baba, njoo uone hii zabibu mwitu."

"Nimeiona kabla mama yako hajanikubali."

"Njoo uione tena basi."

Nikaenda. Akanishikisha tawi. "Jani liko upande huu. Kile kikono cha kujishikia kiko wapi?"

Kikono ni kile kiuzi kinachojisokota kwenye mti. Nikamwonyesha: kiko ng'ambo ya jani, uso kwa uso.

"Panda juu kidogo. Jani lingine, kikono kingine, ng'ambo yake. Sasa nitafutie maua."

Nikatafuta. Vichala vya maua vilikuwa vimekaa palepale ambapo kingekaa kikono, ng'ambo ya jani.

"Ni kitu kimoja," akasema, macho yanamwaka. "Mahali ni pamoja, chanzo ni kimoja. Kikono ni kichala cha maua ambacho hakikuchanua, kikageuka cha kushika."

"Kilifanya la maana," nikamwambia. "Maua yangemshikia nani mti?"

Alicheka sana siku ile. Mimi pia nilicheka. Nilimwona binti yangu pale na nikaona mashamba yangu yote yamesimama nyuma yake. Kama kuna siku nilikuwa tajiri kweli, ilikuwa ile.

Sasa mambo ya zabibu za kula yalianza hivi. Nilipeleka kabichi Dodoma mwenyewe, dereva alikuwa mgonjwa, nikaona mashamba ya zabibu. Mashina makavu kwenye mchanga mwekundu, vichala vizito utadhani ng'ombe wa maziwa wamelala chini ya kila nguzo. Nikasema: milimani kwetu kuna maji, kuna baridi, kuna udongo mweusi. Kama huku jangwani inazaa hivi, kwetu itakuwaje? Na nikafikiri vilevile kwamba msichana aliyesomea mimea hawezi kurudi nyumbani kusimamia kabichi. Kabichi hata mimi nimeziweza. Lakini shamba la zabibu, la kwanza la mtu wa kwetu mwenyewe, hilo ni shamba la msomi. Hilo lingemrudisha.

Nikachimba, nikasimamisha nguzo za mkaratusi, nikavuta nyaya, nikapanda vipando vya Dodoma. Vilichipua vizuri. Masika ilipoingia, ukungu ukashuka kutoka vilele vya Magamba ukakaa wiki nzima bila kuinua makalio, na majani yote yakapata vumbi jeupe. Mizizi nayo ikaoza ndani ya matope.

Jirani yangu, yule mwenye parachichi, ni fundi wa kubebesha miche. Kwetu kazi hiyo inafahamika sana: unachukua shina la mti mgumu wa hapa, unalikata, unapachika kijiti cha mti mtamu wa kutoka mbali, unafunga na kanda ya nailoni, vinaungana vinakuwa mti mmoja. Shina tunaliita shina mama, kijiti tunakiita kikonyo. Peasi za milima hii na maparachichi yetu ni hivyohivyo. Mtu wa Lushoto ukimwonyesha mti wowote, kabla hajauliza jina anauliza unabebeka na nini. Huyo jirani tumekua pamoja na mdomo wake haujawahi kulala. Alisimama juu ya tuta, akakunja mikono, akaniita kwa Kisambaa chetu cha wanaume waliokua pamoja.

"Mgosi, hii umepanda zabibu au umemwaga sembe?"

"Cheka. Fisi naye anacheka lakini hana shamba."

"Mimi sicheki, tajiri. Naogopa tu mvua ikinyesha tena utakuwa uji."

Likizo iliyofuata nilimweleza binti yangu, lakini kwa juujuu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka. Tulikuwa barazani, tunakula makande. Yeye ndiye aliyenipa wazo, na hili nataka lieleweke. Alisema kwamba Ulaya nako zabibu zilikufa zamani, wadudu walikula mizizi, na dawa ikawa kuzibebesha juu ya mizizi ya zabibu za porini za nchi nyingine ambazo wadudu wale hawaziwezi. Mpaka leo, akasema, shamba la Mzungu juu ni zabibu yake na chini ni mgeni.

Mimi niliacha kutafuna.

"Kwa hiyo chini mwitu, juu tamu."

Akanitazama. Ananijua. "Baba, siyo hii ya kwetu."

"Kwa nini siyo hii? Si umesema mwenyewe ni za ukoo mmoja?"

"Ukoo ni mmoja, lakini ukoo ni mkubwa. Zile za Ulaya zilibebwa na ndugu zao wa tumbo moja. Hii yetu ni binamu wa mbali sana. Hata ua lake ni tofauti. Ua la zabibu ya Dodoma linapofunguka, petali zake zimeshikana juu, linazivua zote pamoja kama mtu anavua kofia. Hii ya msituni ina petali nne na inazifungua moja moja. Tunda la ile lina mbegu kadhaa, la hii mara nyingi ni mbegu moja. Hazitashikana."

"Mama, kwetu binamu ukimletea mtoto wa ndugu yake anambeba mgongoni. Hamuulizi alivua kofia au hakuvua."

Mke wangu alicheka akamwagikiwa mchuzi. Binti naye akacheka, lakini akarudia akiwa amekunja uso, "Hazitashikana, baba. Zinaweza kukudanganya mwanzoni. Usitumie nguvu yako huko."

Sijaona msomi ambaye hakuanza na neno hapana. Walisema hapana nilipotaka kununua lori la kwanza. Walisema hapana nilipotaka kujenga ghorofa kwenye mteremko. Ningewasikiliza ningekuwa bado Shume na nundu mbili.

Vuli ilipofika nililipa vijana wakachimbua mashina ya zabibu mwitu kwenye makorongo, pamoja na mizizi yake iliyonenepa kama viazi vikuu, nikayapanda kila penye nguzo. Halikunyauka hata moja. Ule mmea haujui kufa. Vikonyo nikaviagiza Dodoma, vikaja kwa basi vimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa, nikashuka Mombo kuvipokea mwenyewe kama mtu anayepokea wakwe.

Jirani alikuja na kisu chake. Tulianza asubuhi umande ukiwa bado. Anakata shina mama, analipasua katikati, anachonga kikonyo kama kabari, anakichomeka. Kila shina alilolikata lilitiririka maji. Kanda zikawa zinateleza, mikono yake inateleza.

"Huyu analia sana, mgosi. Peasi hailii hivi."

"Ni machozi ya harusi. Wewe funga."

"Kwetu bibi harusi akilia namna hii, wazee wanasimamisha sherehe, wanauliza kama alikubali."

"Wewe ni fundi au ni mshenga?"

"Mimi ni fundi tu, tajiri. Mahari umetoa wewe." Akafunga. Lakini alipomaliza tuta la mwisho alifuta kisu kwenye suruali, akasema kwa sauti ya chini ambayo siyo ya kawaida yake, "Gome la hawa wawili halilingani. Nimekaza, lakini sijasikia kushika. Mkono unajua."

Nikamwambia mkono wake umezeeka.

Na vikachipua! Nakwambia vilichipua. Kila kikonyo kilifumua macho, majani madogo ya rangi ya waridi, yale ya Dodoma kabisa, siyo ya msituni. Nilikuwa nikiamka naenda kuyatazama kabla ya chai. Nikamwita jirani, nikamsimamisha mbele ya kila nguzo, nikamwambia aseme tena habari za mkono unaojua. Alikuna kichwa. "Basi nimeshindwa, mgosi. Hii sijawahi kuiona." Maneno hayo yalikuwa matamu kuliko zabibu yenyewe.

Ndipo nikaandaa ibada ya shukrani palepale shambani. Mchungaji alikubali kuja baada ya ibada ya Jumapili. Nilichinja, wanawake wa mtaa walipika pilau, turubai nililitandaza juu ya tuta. Tayari nilikuwa nimejenga kijumba cha vyumba viwili juu ya shamba, chenye dirisha kubwa linalotazama nguzo zote, na meza ya mninga. Nyumba ya msimamizi. Nilimpigia simu binti yangu, wakati ule amekwishamaliza chuo, yuko Morogoro bado anasemasema habari za kujitolea sijui wapi, nikamwambia njoo, kuna jambo lako.

Alifika Jumamosi. Nilimpeleka kwenye kijumba. Alipita mkono juu ya meza, akasimama dirishani muda mrefu.

"Pazuri, baba."

"Ni pako."

Akafungua dirisha, akalifunga tena. Nilidhani ni furaha.

Jumapili watu walijaa mpaka kwenye tuta la jirani. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, nikasimama. Sikusomea kuhutubia lakini sijawahi kukosa maneno. Nikawaeleza nilikotoka, Shume, Mombo, yote. Nikawaambia leo mlima umemuoa mtu wa Dodoma na watoto wameonekana. Watu wakapiga vigelegele. Nikamwita binti yangu mbele, nikamshika bega.

"Huyu ndiye mwenye shamba. Amesoma mimea. Ameacha mambo ya mjini, amerudi nyumbani kwao. Mama, waambie watu. Imeshika au haikushika?"

Alikuwa amevaa kitenge alichonunuliwa na mama yake. Alikitazama kikonyo kilichokuwa karibu yake, akakigusa pale kwenye kanda kwa kidole kimoja, taratibu, kama anavyogusa daktari pale panapouma.

"Imechipua, baba," akasema.

Watu wakashangilia. Mimi nilisikia. Mimi si kiziwi.

"Hilo wameliona. Nauliza kushika."

"Tuipe muda mpaka masika." Na kabla sijasema neno, aliwageukia watu, akakunja goti kidogo kama binti aliyelelewa, akasema, "Shikamooni wazee wangu. Nawashukuru kwa kunilea na kunisomesha kwa sala zenu. Na kwa kuwa mmekusanyika, niwaombe radhi kwamba nimekuja pia kuaga. Nimepata kazi ya utafiti wa mimea, Arusha. Naanza mwezi ujao. Naomba baraka zenu."

Mchungaji, Mungu amsamehe, alisema "Haleluya." Watu wakapiga makofi. Wanapiga makofi kwa lolote, hata ukiwaambia unakwenda kuzama. Kwenye makofi yale nilimsikia jirani yangu, siyo kwa kejeli, afadhali ingekuwa kejeli: "Pole, mgosi."

Hakuna kitu kinachochoma kama pole ya mtu uliyemshinda.

Nilikula pilau na wageni wangu mpaka wa mwisho alipoondoka. Sikuonyesha. Asubuhi yake alinikuta shambani, begi liko begani.

"Baba, nilijaribu kukuambia kwa simu mara nyingi. Ulikuwa huniachii nafasi."

"Ungeniambia mimi. Umeniambia pamoja na kwaya."

"Uliniuliza mbele ya watu, baba. Mbele ya watu hukuniachia mlango mwingine."

"Nimekusomesha mimea ili uikute hapa. Arusha hakuna mmea ambao hapa haupo."

"Sikatai. Ila hapa nitakuwa binti yako tu. Hata ile zabibu nilikuambia haitashika, ukasikia sauti ya mtoto. Kule nikisema jambo wanasimama wanaliandika."

Nikamwambia kama baba anavyopaswa kumwambia mtoto aliyeamua. Nilimwambia ukishuka Mombo leo, usiupande tena mlima huu kwa ajili yangu. Panda kwa ajili ya mama yako, panda kwa ajili ya majani yako, lakini kwa ajili yangu usichoke. Alinitazama kama anayesubiri nimalizie sentensi. Nilikuwa nimeimaliza. Akaniamkia shikamoo ya kuondoka, nikaitikia marahaba, kwa sababu shikamoo hata ya adui inaitikiwa, akaondoka kwa miguu mpaka barabarani.

Vikonyo havikufika masika. Majani ya waridi yalikunjamana, yakawa kahawia, kijiti kikakauka mle ndani ya kanda kama njiti ya kiberiti. Nilifungua kanda moja. Mpasuko ulikuwa safi, kikonyo kimetoka chenyewe bila kuvutwa, hakijashikana hata kwa uzi. Kumbe muda ule wote kilikuwa kinachipua kwa akiba yake chenyewe, ile kidogo kiliyotoka nayo Dodoma, hakikuwa kimekunywa hata tone la shina langu. Na chini ya kila kikonyo kilichokufa, shina mama lilikuwa limetoa machipukizi yake, manene, ya furaha, yanatafuta nguzo. Kwa mvua moja yalikuwa yamefika kwenye nyaya.

Jirani alikuja akatazama. Nilisubiri mzaha wake. Nilikuwa nimeandaa jibu. Akaokota kanda moja, akaenda zake, na tangu hapo ananiita mzee badala ya mgosi.

Sikuung'oa ule mmea. Wengi wameniuliza kwa nini. Nawaambia nguzo ni zangu, nyaya ni zangu, anayeona vibaya afumbe macho. Kwenye kile kijumba nimeweka mbolea na mabomba ya kupulizia dawa.

Mwaka jana, baada ya mvua za vuli, nilikuwa Mombo nahesabu magunia yanapakiwa, mama mmoja muuza vitunguu akaniita. "Baba yake daktari! Hongera bwana, tumemwona mwanao amepita na gari la wenzake, anapanda kwenu. Amenunua vitunguu, ametusalimia wote vizuri." Udaktari wenyewe ni wa mimea, aliusomea hukohuko. Nikasema ndiyo, namtarajia. Nikapanda nyumbani kwa mwendo ambao dereva wangu angeufanya ningemfukuza. Hakuwepo. Mke wangu alikuwa na habari tayari. Kumbe wamekuja kutafuta mimea ya kutambaa, hiyohiyo ya ukoo wa zabibu, kwenye makorongo ya Shume na Magamba, na wamepanga nyumba ya wageni mjini.

"Nyumba ya wageni," nikasema. "Na vyumba vyote hivi."

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. "Si ulimwambia asiupande mlima kwa ajili yako? Ameupanda kwa ajili ya kazi."

Siku zile nilikaa barazani kuliko kawaida. Nilimwambia dereva nina kifua. Kila gari lililopunguza mwendo pale kwenye kona nililisikia. Watu walipita wakaniambia wamemwona msituni, amevaa mabuti, amepanda mti kama mwanamume, wenzake wanamwita dokta na wanamsubiri aseme. Nikawaambia kupanda miti amejifunza kwangu.

Alikuja siku ya mwisho, mchana, peke yake. Gari aliliacha barabarani. Nilimsikia mlangoni kabla sijamwona, na alichosema ni hodi.

Mtoto wa nyumba hii, aliyezaliwa chumba cha pili kushoto, amesimama nje ya mlango ulio wazi anasema hodi, na hakuvuka kizingiti mpaka mama yake aliposema karibu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nimepita kuwasalimia. Na nilikuwa naomba ruhusa nikate tawi moja kule chini. Hiyo iliyopanda nguzo zako, kwa yote niliyoyaona safari hii sijaipata yenye maua. Zako zimechanua."

Tulishuka pamoja. Nikamwambia korongo gani vijana waliichimbua, na upande gani wa kijito. Alinisikiliza vizuri, akauliza tena jina la korongo. Alichagua tawi lenye maua na vikono, akakata kwa mkasi mdogo, akalilaza ndani ya gazeti, akapanga majani, moja mgongo juu, moja uso juu. Mikono yake imekomaa. Nilitaka kumwambia alale, kesho ndiyo ashuke. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilichosema ni kwamba gazeti hilo ni la zamani, lina habari zilizopitwa na wakati.

"Ndiyo yanafaa, baba. Yananyonya maji."

Tulipopanda tena nyumbani, chai ilikuwa tayari sebuleni. Mke wangu alikuwa ameitoa ile seti ya kabatini, ya maua ya dhahabu, ambayo huitoa kwa ajili ya mchungaji na watu wa wilaya. Sisi wa nyumbani tunakunywa kwa vikombe vya bati. Binti yangu alivitazama vile vikombe, kisha akamtazama mama yake. Mimi nilimtazama mke wangu nikimngojea aseme ooh nimekosea, avirudishe. Hakuvirudisha. Akamimina.

"Karibu chai," akamwambia.

"Ahsante," binti yangu akasema, na akakishika kikombe kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuvunja cha watu.